Betri Husingiziwa: Kutafuta Tatizo la Chaji Kwenye Gari la Zamani

Mwezi wa sita ukiingia, siku yangu hapa Mbeya huanza kabla jua halijachomoza upande wa Uyole. Simu ya kwanza huwa ileile: "Fundi, betri imekufa, niletee nyingine." Naenda na mita mfukoni, betri siendi nayo. Mara nyingi narudi sijauza kitu, na mwenye gari anabaki na hela yake, kwa sababu mgonjwa alikuwa mwingine. Betri ndiyo inayosikika ikilia asubuhi, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama za mkanda, za waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliooza, na za redio iliyofungwa na kijana wa mtaani kwa waya wa spika.

Namwandikia mwenye Corolla ya miaka ya tisini, Carina, Mark II, Hilux au Hiace ya dizeli iliyopita mikono minne kabla ya kumfikia. Magari haya yana uzuri mmoja: chaji yake unaweza kuipima mwenyewe na kuielewa. Oltaneta (wengi tunaiita jenereta) inazalisha, betri inatunza, waya zinasafirisha. Kazi yako ni kujua nani kati ya hao watatu ameacha kazi.

Anza na namba tatu

Nunua mita ya dijitali, hata ile ya bei ndogo. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20, waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi.

Namba ya kwanza ichukue alfajiri kabla gari halijaguswa. Betri iliyojaa husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini betri ina njaa. Usipime dakika tano baada ya kuzima gari, maana betri iliyotoka kuchajiwa hujisifu. Kama huna subira ya kungoja hadi kesho, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Namba ya pili ichukue mtu mwingine akipiga stata. Mita isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikiporomoka hadi 8 au 7 wakati namba ya kwanza ilikuwa 12.6, betri imechoka ndani: ina sura ya kushiba na haina nguvu.

Namba ya tatu ni injini ikiwa inaunguruma, resi kidogo juu ya sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta), kama mizunguko 1500 hadi 2000 kwa dakika. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa kila kitu: taa kubwa, wepa, feni ya hita. Itashuka kidogo, lakini ikibaki juu ya 13.2 oltaneta inajitahidi. Ikiwa mita inasoma 12.3 na inazidi kushuka kadiri unavyosubiri, hakuna chaji inayofika.

Neno kuhusu mita yenyewe. Mita nyingi za dijitali betri yake ya ndani ikiisha husema uongo kwa kuongeza. Nimewahi kumfungulia mtu oltaneta nzima kwa sababu mita ilisoma 15.8, kumbe gari lilikuwa zima na mita ndiyo iliyokuwa inakufa. Pima kwanza betri unayoijua, uone kama mita ina akili.

Na kuna kipimo kimoja ambacho nakuomba usikifanye, hata kama fundi uliyemkuta amevaa ovaroli safi: kuchomoa klampu ya betri injini ikiwa imewaka ili "kuona kama jenereta inachaji". Betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu mno kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kuua diodi (zinazogeuza umeme wa oltaneta uwe DC), regyuleta (inayozuia volti zisipande mno), au kontroli boksi, yaani ubongo wa injini. Zamani kwenye Land Rover yenye dainamo (jenereta ya kizamani) watu walifanya hivyo na gari likaendelea. Corolla yenye sindano za umeme za kupulizia mafuta si Land Rover hiyo.

Asubuhi haliwaki, saa nne linawaka

Huu ndio ugonjwa wa Nyanda za Juu. Makete, Njombe na Uporoto baridi ya Juni na Julai huleta hadi jalidi kwenye majani. Betri ikiwa na baridi inatoa nguvu kidogo, na hapohapo oili imekuwa nzito na stata inadai nguvu nyingi zaidi. Dizeli inaongeza deni lake: hita plagi, zinazopasha injini joto, zinakunywa umeme kabla stata haijaguswa.

Lakini baridi si muuaji, ni mtangazaji. Kinachoua betri ni joto. Gari linaloshinda Kyela likibeba mchele, maji ya betri yanapungua taratibu na sahani za risasi zilizomo ndani yake zinachakaa, na huko chini hakuna anayejua kwa sababu injini ya joto inawaka kwa urahisi. Siku likipanda kulala Mbeya mjini, asubuhi mwenye gari anasema baridi ya Mbeya imemuulia betri.

Kabla ya kuhukumu, angalia vichwa vya betri. Ule ukungu mweupe au wa kijani unazuia umeme kama kizibo. Chomoa klampu, hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye magadi hadi yaache kutoa povu, suuza, kausha, piga msasa ndani ya klampu na juu ya kichwa, funga (hasi mwisho), kisha paka grisi juu. Klampu ikizunguka kwa mkono haijafungwa. Kwa betri ya maji, fungua vifuniko vyote sita uone kama sahani zimezama. Ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), usiongeze asidi.

Kama namba ya tatu ni nzuri, betri ni safi, na bado namba ya kwanza kila asubuhi ni 12.1, jiulize unaendesha vipi. Safari ya Soweto hadi Mwanjelwa na kurudi, taa zimewaka, foleni, injini ikiwa sailensi muda mwingi, hairudishi kile stata ilichokula asubuhi. Jumamosi lipeleke hadi Chimala na kurudi, halafu pima upya.

Taa ya betri imewaka njiani

Simama kwanza. Si kwa sababu ya betri. Kwenye injini nyingi za zamani mkanda unaozungusha oltaneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, na mkanda ukikatika, injini itachemka muda mfupi tu baadaye, hasa ukiwa unapanda. Fungua boneti, angalia kama mkanda upo.

Ukiwepo, ukandamize kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukishuka kama sentimita moja, ni sawa. Ukishuka zaidi ya hapo umelegea. Uangalie upande wa ndani: mkanda unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi unateleza hata ukiukaza. Huo ndio unaolia mluzi asubuhi ukiwasha gari, kisha unanyamaza. Kule Tukuyu mvua haiishi, na mkanda uliolowa hulia zaidi, kwa hiyo watu wamezoea sauti hiyo na hawaisikii tena. Mkanda mpya ukaze, endesha siku tatu nne, kisha ukaze tena kwa sababu lazima unyooke.

Mkanda ukiwa mzima na wa kukaza vizuri, hesabu umeme uliobaki. Gari la petroli lenye sindano za umeme linaishi kwa kile kilichomo kwenye betri: pampu ya mafuta, moto wa plagi, sindano. Betri nzuri, mchana, redio na feni vimezimwa, inaweza kukupa muda wa kufika mji wa jirani. Usiku taa kubwa zikiwaka muda huo unapungua sana. Dizeli ya zamani yenye pampu ya mafuta inayozungushwa na injini yenyewe haina haja kubwa na umeme. Ikishawaka, kitu pekee inachokidai ni ile swichi ndogo inayofungua mafuta kwenye pampu, na hiyo inakula umeme kidogo mno. Ila usizime.

Hapa kwenye dizeli ndipo napenda watu wasikilize. Hilux na Hiace zenye injini za 2L na 3L zina pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa) iliyopachikwa nyuma ya oltaneta, inazungushwa na mhimili uleule. Pampu hiyo ndiyo inayolisha busta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu wako. Mkanda ukikatika hupotezi chaji tu: breki zitakusaidia mara moja au mbili kwa vakyumu iliyobaki, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe na gari linasimama kwa nguvu ya mguu wako peke yake. Fikiria hilo ukiwa unashuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni na tani moja ya viazi nyuma, au unashuka Mlima Nyoka na malori mbele na nyuma. Kwenye magari hayo taa ya betri ni taa ya breki. Usishuke mlima.

Pampu hiyohiyo inaleta ugonjwa mwingine. Inalainishwa na oili ya injini, na sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya oltaneta na kuloanisha kaboni brashi (vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Chaji inakuja na kuondoka, leo 14, kesho 12.5. Ukiona oltaneta ya dizeli imelowa oili nyuma, kubadili brashi peke yake ni kufua nguo mvuani. Badilisha sili kwanza.

Taa ya betri haiwaki hata ukifungua ufunguo

Watu wengi hawaoni kuwa hili ni tatizo. Ukifungua ufunguo bila kupiga stata, taa ya betri lazima iwake. Ikizimika injini ikiwaka ndiyo unajua mambo ni sawa. Isipowaka kabisa, bulbu imeungua, fyuzi imekatika, au waya umechomoka nyuma ya oltaneta. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye bulbu hiyo ndio unaoamsha oltaneta, kwa hiyo bulbu ndogo ikifa chaji inakufa nayo, au inakuja tu ukikanyaga resi nyingi. Vijana wanaopamba dashibodi kwa bulbu za LED wakiibadilisha na hiyo, umeme unaopita unakuwa mdogo mno na oltaneta inabaki imelala.

Kuna kipimo cha kale ambacho hakihitaji mita. Fungua ufunguo, injini isiwake, kisha sogeza bisibisi ya chuma karibu na beringi ya nyuma ya oltaneta. Ikivutwa kama kwa sumaku, umeme unaingia ndani na brashi zinagusa. Isipovutwa, tatizo liko kati ya ufunguo na brashi: fyuzi, plagi, regyuleta au kaboni zilizoisha. Kaboni zikibaki fupi kiasi kwamba zimejificha kwenye nyumba yake, zibadilishe. Ni kazi ndogo, na nimeona watu wakinunua oltaneta nzima kwa kukosa vijiti viwili vya kaboni.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini, taa ya betri na ya handbreki zikiwaka pamoja wakati handbreki imeshushwa, anza na oltaneta. Na taa ya betri ikiwaka kwa kufifia, kama kibatari kinachoisha mafuta, mara nyingi ni diodi. Weka mita kwenye volti za AC juu ya betri, injini ikiunguruma: ukiona zaidi ya nusu volti, diodi moja au zaidi imekwenda.

Oltaneta inasema 14, betri inasema 13

Mzee mmoja wa viazi kutoka Isyonje alinijia na Hilux. Alishabadilisha betri mara mbili ndani ya miezi minane, na oltaneta mara moja. Akaniambia, "Mwanangu, hili gari lina mkono wa mtu."

Nikamwambia, "Mzee, tupime waya kwanza, huo mkono tutautafuta baadaye."

Kipimo chenyewe ni hiki. Injini ikiwa na resi na taa kubwa zimewaka, waya mwekundu wa mita uweke kwenye nati kubwa ya nyuma ya oltaneta, mweusi kwenye chanya ya betri. Hupimi nguvu ya betri hapo, unapima hasara ya njiani. Isizidi 0.2. Kisha pima upande wa hasi: mkono mmoja kwenye bodi ya oltaneta, mwingine kwenye hasi ya betri. Hapo nataka 0.1, nikiona 0.2 navumilia.

Kwa mzee upande wa chanya ulikuwa safi. Upande wa hasi ulisoma 0.9. Karibu volti nzima inaishia njiani, na betri ilikuwa ikila makombo. Nikamwomba mwanawe apige stata nami nikashika kebo ya mafuta ya mguuni: ilikuwa ya moto. Umeme wa stata, ukikosa barabara yake, ulikuwa unapita kwenye kebo ya resi ili urudi kwenye betri. Tulipoinama chini tukaukuta waya mpana wa ethi kati ya injini na chasi umefungwa upande mmoja tu. Injini ilishawahi kushushwa, na aliyeirudisha aliusahau. Boliti moja, msasa kidogo, na ile oltaneta ya zamani aliyokuwa ameihifadhi nyumbani haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kila waya wa ethi ufungue, usugue hadi chuma king'ae, ufunge tena. Rangi na kutu chini ya boliti ni ukuta. Na usiamini macho: waya unaweza kuwa mzuri nje na ndani umegeuka unga wa kijani. Ukiukunja ukasikia unavunjika kama majani makavu, tupa.

Likilala siku mbili limekufa

Chaji ni nzuri, betri ni nzuri, lakini ukiegesha Ijumaa jioni Jumapili haliwaki. Kuna kitu kinanyonya. Hesabu ni rahisi: mnyonyo wa nusu ampea ni ampea-saa 12 kwa siku moja, na betri ya 45 ikishanyang'anywa 24 kwa siku mbili imebaki chini ya nusu.

Asubuhi, kabla hujawasha, shika oltaneta kwa kiganja. Gari limelala usiku kucha kwenye baridi ya Mafinga na oltaneta ina joto? Diodi imepasuka na betri inamwaga umeme ndani yake usiku wote. Kipimo hicho hakina gharama.

Kama ni baridi, chomoa klampu ya hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, na uiunge kati ya klampu na kichwa cha betri. Milango iwe imefungwa, au bonyeza kitasa kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa. Usifungue ufunguo wala kupiga stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Gari la zamani lisizidi 0.05. Ukiona 0.4, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Washukiwa wangu wa kila siku ni redio na amplifaya, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na taa ya buti isiyozima. Ukimaliza fyuzi zote namba haijashuka, rudi kwenye oltaneta au waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, na huo kwenye magari yetu upo mara nyingi kuliko inavyopaswa.

Bulbu zinaungua, betri inanuka yai bovu

Mita ikisoma juu ya 15, zima gari. Regyuleta imeshindwa kuzuia, au waya unaoiambia volti za betri umekatika. Betri inachemka na kutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti karibu ukifungua boneti. Badilisha regyuleta kabla ya safari yoyote.

Ukilazimika kununua oltaneta iliyotumika

Izungushe kwa mkono usikilize: mchanga ndani ni beringi. Itikise puli, isicheze. Soma kibati uone volti 12 na ampea zake, maana ya ampea 55 haitabeba muziki wako na taa za ziada hata ikiwa nzima. Hesabu pini za plagi zilingane na yako. Ya dizeli, angalia pampu yake ya nyuma na mabomba yote mawili ya oili. Tia tone la oili ndani ya pampu hiyo kabla ya kuwasha mara ya kwanza, na jaribu breki gari likiwa limesimama kabla hujatoka getini.

Ukishaifunga, usiipe betri iliyoisha chaji ikaijaze. Oltaneta itafanya kazi kwa nguvu zote saa nzima na kuungua. Ipeleke betri kwa mwenye chaja ilale huko usiku mmoja. Waambie pia wale vijana wa kuosha magari wasipige maji ya presha ndani ya boneti.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kuwasha chochote, nyanyua boneti na upime. Ukisoma 12.5 au zaidi, funga boneti uende kazini. Ukisoma 12.1, rudi kwenye fyuzi.